Usikimbilie pembeni: nilichowaambia mafundi wenzangu kuhusu kurekebisha pateni

Waliokosa Jumamosi mmenijaza meseji, kila mtu anataka nilichoongea kwenye kikao chetu cha mafundi, haya basi nimekaa na rekodi ya simu nimeandika yote kama nilivyotamka, na makelele yangu humohumo. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani siziweki, nyingi ni za wateja na sikuwaomba ruhusa ya kuwasambaza.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao sijawapata huko, habari za asubuhi. Mama zangu shikamooni, kaka zangu wa suti mliojificha kule nyuma mambo vipi, mbona mmekaa kama mmekuja kuposa?

Naomba tuanze hivi. Ambaye amewahi kurudishiwa gauni, mteja kaja nalo kwenye mfuko kalikunjakunja kwa hasira akakwambia fundi hapa pananibana, anyooshe mkono. Mh. Ukumbi mzima. Ambaye hajanyoosha ni muongo au kaanza kazi juzi.

Swali la pili. Mteja akishasema hapa pananibana, mkono wako unaenda wapi? Semeni kwa sauti. Pembeni! Nimewasikia. Likibana tunafumua pembeni tunaachia, likipwaya tunaingia pembeni. Bega limeanguka, pembeni. Gauni limepanda nyuma, pembeni. Shingo imefunguka mpaka sidiria inachungulia, bado fundi kashika chaki yuko pembeni! Jamani pembeni pamewakosea nini?

Mi nina miaka 16 kwenye cherehani, na karibu nusu ya hiyo miaka nilikuwa mtu wa pembeni. Nimekuja kuwaeleza nilivyotoka huko. Kosa la gauni lina mahali pake kwenye mwili, na dawa inakaa mahali hapohapo, tena inawekwa kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa cha watu. Nitarudia maana najua kuna waliokuwa wanajibu meseji. Mahali hapohapo. Kwenye karatasi.

Haya, tuanze na hiyo karatasi yenyewe. Pateni, yaani karatasi ya kukatia nguo, ni ya nani?

Zamani mtu akitaka nguo anaenda kwa fundi anapimwa, au anashona mwenyewe kwa kubahatisha. Mwaka 1863 huko Massachusetts, Marekani, fundi mmoja anaitwa Ebenezer Butterick akaanza kuuza pateni za karatasi zenye saizi, unanunua ya kwako unaenda kukata nyumbani. Biashara ikashika moto. Ila jiulize, saizi ni mwili wa nani? Huwezi kumpima kila mnunuzi. Inabidi uchague mwili mmoja useme huyu ndo mwanamke, halafu wengine wote unamkuza yeye au unampunguza.

Mwaka 1939 hadi 1940 serikali ya huko Marekani, wizara ya kilimo, ndiyo, kilimo msicheke, ikapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, maana nguo za madukani zilikuwa hazikai na watu wanarudisha kama hivi sisi tunavyorudishiwa. Kazi kubwa kweli, siidharau. Ila vipimo vya wanawake wasio wazungu havikuingizwa kwenye hesabu. Na hesabu hizo ndo zilitumika mwaka 1958 kuweka viwango vya saizi vya nguo za wanawake kule. Sisemi kila pateni unayonunua leo imetoka kwenye lile daftari, hapana, kila kampuni ina umbo lake la kukatia. Nachosema ni kwamba umbo hilo ni la mtu fulani, na huyo mtu hajawahi kukaa kwenye benchi la banda lako Temeke akisubiri apimwe.

Mifano? Hizi pateni za bahasha za makampuni makubwa ya Marekani kwa kawaida zinakatwa kwa kifua cha kikombe B, ile saizi ya kikombe cha sidiria. Burda, ile ya Ujerumani ambayo mama Aenne Burda alianza kuitoa jarida lake mwaka 1950, saizi zake za kawaida ni za mwanamke wa sentimita 168. Wangapi humu mna sentimita 168? Mmoja, wawili, dada wewe vua viatu kwanza.

Na kwa Burda kuna kitu kingine, pateni za kwenye jarida hazina akiba ya mshono, unatakiwa uongeze mwenyewe. Mi sikujua. Lugha yenyewe ilikuwa Kijerumani, nikaangalia michoro tu nikakata kama ilivyo. Blauzi ilitoka, mwanangu wa darasa la tano aliivaa mpaka ikachakaa.

Halafu hizi za siku hizi za kudownlodi, unalipa au unapata bure, unapeleka stesheneri wakuprintie kwenye A4 unagundisha kwa seloteipu. Nzuri sana, nazitumia. Ila kwenye karatasi ya kwanza huwa kuna kiboksi kidogo kimeandikwa vipimo vyake. Pima kile kiboksi kwa rula kabla hujagundisha kitu. Kijana wa stesheneri akiacha mashine ijipunguze yenyewe ili iingie kwenye karatasi, pateni yako yote inasinyaa, ikisinyaa kwa asilimia 6 tu kifua cha inchi 40 kinakuwa 37 na nusu na kidogo, na wewe utamlaumu mteja kwamba kanenepa. Mwambie asilimia mia moja. Simama palepale upime.

Sasa tuingie kwenye nyama yenyewe, kuchagua saizi. Na hapa nina kisa ambacho mpaka leo kikinijia naona aibu.

Alikuja mama mmoja wa Tabata, binti yake wa kwanza anafanyiwa sendofu. Kaja na lesi nyeupe, kile kitambaa cha matundumatundu, kizuri, ghali, kanunua Kariakoo kipande kimoja tu kimebaki dukani. Kifua inchi 44. Mi nina pateni nzuri ya bahasha, nikaangalia nyuma, 44 ni saizi 22, nikakata 22. Kosa gani nimefanya? Hamna? Si nimefuata kipimo?

Alipovaa mara ya kwanza, bega limemshuka mpaka kwenye mkono. Shingo imefunguka. Kwapani kitambaa kimejaa kama mfuko. Halafu kifuani penyewe, pale nilipopima 44, kunavuta! Mbele gauni limepanda juu, nyuma limelala chini. Nikafanya nini? Nikaingia pembeni. Akarudi, sasa bega bado limeanguka na kifua ndo hakipumui kabisa. Nikafumua nikaachia. Akarudi mara ya tatu, kitambaa kishatobolewatobolewa na sindano, lesi haifichi matundu. Mama wa watu hakugombana na mimi. Alisema basi fundi, nitavaa mtandio.

Kwenye picha zote za sendofu ya mwanae yule mama ana mtandio kifuani, joto la Januari la Dar es Salaam, kaubana hivi na mkono mmoja. Nilizionaga picha. Zote.

Kilichotokea ni nini? Yule mama hakuwa mtu wa saizi 22. Mifupa yake, mabega, mgongo, kifua kule juu chini ya kwapa, ni mtu wa kawaida tu. Alichonacho ni matiti makubwa, tuko watu wazima tuyaite kwa jina lake. Mi nikamwongezea mwili mzima kwa sababu ya sehemu moja. Ni kama mtoto miguu yake imekua unamnunulia viatu vikubwa na shati kubwa na kofia kubwa.

Kwa hiyo siku hizi nikipima mwanamke nachukua vifua viwili. Cha kwanza futi ipite juu, kwapani kabisa, juu ya matiti, inyooke mgongoni. Cha pili ndo hiki cha siku zote, pale palipojaa. Yule mama cha juu kilikuwa inchi 38, cha pili 44. Pateni za kikombe B zinategemea tofauti ya inchi 2 hivi kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo kwa mtu huyu unachukua 38 unaongeza 2 unapata 40, na 40 kwenye zile bahasha ni saizi 18. Kutoka 22 tumeshuka mpaka 18! Bega litakaa, shingo itakaa, kwapa litakaa, mgongo utakaa. Kimebaki kifua peke yake, kinadai inchi 4 zake. Na kifua kikidai tunakilipa kifuani.

Tunakilipaje? Hapa chukueni kalamu.

Chukua kipande cha mbele cha karatasi. Weka alama pale ncha ya titi inapokaa, la mteja, sio la pateni, pima kutoka begani pale linapoanzia shingoni ushuke. Chora mstari kutoka kiunoni upande mpaka kwenye alama, uwe sawasawa na mstari wa katikati ya mbele, ukifika kwenye alama ukate kona uelekee tundu la mkono, ile theluthi ya chini. Chora mwingine kutoka pembeni upite katikati ya dati, ule mkunjo unaoshonwa kuipa nguo umbo, mpaka kwenye alama. Sasa kata. Ule mrefu uanze nao kiunoni, upite kwenye alama, uende mpaka karibu na tundu la mkono halafu SIMAMA, bakiza milimita mbili tu, karatasi iwe na bawaba kama mlango. Ule wa pembeni nao kata mpaka karibu na alama, simama, bakiza. Ukivuta sasa karatasi inafunguka.

Ifungue kiasi gani? Inchi 4 ndo deni, ila kumbuka kipande cha mbele ni nusu ya mtu, kwa hiyo inchi 2. Kingo za ule mwanya wa kuanzia kwenye alama kushuka chini ziwe sambamba, inchi 2 juu na inchi 2 chini. Utaona dati ya pembeni imepanuka yenyewe, usiiogope, hiyo ndo nyumba ya titi. Na utaona kile kipande cha ndani, cha upande wa katikati, kimebaki kifupi kuliko cha pembeni. Kikate kwa kulala, kishushe mpaka kilingane, jaza karatasi chini yake, gundisha. Unaona maajabu? Umeongeza upana na umeongeza urefu, kwa mpigo. Ndo maana gauni la yule mama lilikuwa linapanda mbele! Titi linakula kitambaa kwa upana na linakula kwa kimo, na ukienda pembeni unalipa upana tu, tena unaulipa mpaka mgongoni ambako hawakudai.

Kiuno nacho kimeongezeka inchi 2 kwenye hiyo nusu, hizo unazichukua kwenye dati ya kiunoni. Dati ya pembeni ikiwa kubwa mno igawe mbili. Na ncha ya dati usiipeleke mpaka kwenye alama yenyewe, iishie kama inchi moja kabla, la sivyo utamtengenezea mteja pembe.

Sikufundishwa hiki kitu na mtu, nilikitoa kwenye video usiku, nikarudia kwenye karatasi za kaki mara sijui ngapi, mume wangu akadhani nachora ramani ya kiwanja. Na yule mama wa Tabata nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia lete kitenge chochote, sitaki hela. Alipovaa kitu cha kwanza alichofanya alinyoosha mikono yote miwili juu, hivi, kama anaanika nguo. Gauni halikutikisika. Akasema kumbe inawezekana.

Kumbe inawezekana, jamani.

Tuendelee, saa inakwenda. Jambo la pili ni mikunjo. Mikunjo inaongea. Mtu akivaa usiangalie kwanza uzuri wa kitambaa, angalia mikunjo imelala vipi na inaelekea wapi. Ule mkunjo uliokaza kama kamba, ufuate, utakufikisha panapobana. Ule uliolegea ukining'inia kwa wima, upana umezidi. Ule uliolegea ukalala, urefu umezidi. Basi. Ukijua hayo matatu tayari unajua zaidi ya nilichojua mimi miaka yangu ya mwanzo.

Nina mteja mwalimu, yeye ni sketi za penseli tu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mungu kampa mzigo nyuma, kiuno chembamba. Kila sketi ikimfika inapanda nyuma, pindo mbele limeshuka, ule mshono wa pembeni badala ya kunyooka umevutwa kurudi nyuma kama upinde. Mafundi wote aliopitia, na mimi nikiwemo, tuliachia pembeni. Tukimwachia inchi moja kila upande mbele kunafura kama kabeba kitu tumboni, kiunoni nyuma kunaingia ngumi. Sasa soma mikunjo, imekaza kuelekea wapi? Nyuma. Nani anadai? Nyuma. Mbele hajadai hata senti.

Dawa, chukua kipande cha nyuma peke yake. Chora mstari wa kulala pale makalio yalipojaa, kutoka katikati ya nyuma mpaka pembeni, kata, bakiza bawaba pembeni, fungua katikati kama kipande cha pizza, yeye alihitaji inchi moja na robo. Hapo umempa urefu wa kupanda ule mlima. Upana nao mpe kipande cha nyuma tu, halafu kule kiunoni ulichoongeza kichukue kwenye dati, dati ziwe kubwa au ziwe mbili kila upande. Mbele usiguse! Mshono wa pembeni ukanyooka kama rula. Mwalimu akaniambia wanafunzi wameacha kucheka akigeuka kuandika ubaoni, sasa mimi sijui walikuwa wanacheka nini, ila nilipokea sifa.

Wapo pia wenye bonde pale kiunoni nyuma, mgongo umeingia ndani. Kwao kitambaa kinajikusanya juu ya makalio, mikunjo ya kulala, imelegea. Si tumesema ya kulala iliyolegea ni nini? Urefu umezidi! Basi kunja karatasi ya nyuma pale kiunoni, nusu inchi mpaka robo tatu katikati, iishie sifuri pembeni. Wengi tunadhani linabana hipsi tunaachia pembeni. Tena pembeni.

Na kuna bibi mmoja, huyu nampenda, jirani yangu, umri umemwinamisha mgongo. Nguo zote nyuma zinapanda, mbele shingo inamkaba, ukikaa naye kila dakika kidole kiko kooni anaivuta. Fundi mmoja alimpunguzia pindo la mbele ili lilingane na la nyuma. Likalingana kweli! Koo likaendelea kukabwa. Bibi akaamini yeye ndo mbaya, akasema mwanangu nguo zimenikataa.

Nguo zimenikataa. Mtu mzima anasema hivo kwa sababu ya karatasi.

Mgongo ukiinama njia ya kutoka shingoni kwenda kiunoni inakuwa ndefu, basi refusha hapo. Kata karatasi ya nyuma kwa kulala pale kwenye mafupa ya mabega, kutoka katikati mpaka tundu la mkono, bakiza bawaba, fungua. Yeye nilimfungulia robo tatu ya inchi. Mstari wa katikati ya nyuma unapata kimviringo kwa hiyo huwezi tena kukunja kitambaa ukate, unaweka mshono katikati, sio dhambi. Idi ile alivaa gauni lake akakaa kibarazani kutwa nzima, nilikuwa napita makusudi kuangalia kile kidole. Kiko mapajani.

Fupi fupi, wale wa mermeidi. Mteja mfupi, pateni ndefu, wewe unafanyaje? Unakata chini. Sasa mermeidi inatakiwa ianze kufunguka magotini, kwa mfupi inaanzia katikati ya muundi, ukikata chini umekata mkia wote, samaki kabaki kiwiliwili. Na hawezi kutembea maana pale penye kubana ndo amewekea magoti. Fupisha juu ya goti, kwenye karatasi, kunja inchi zako hapo, na kama kiwiliwili chake cha juu ndo kifupi basi kunja kati ya kifua na kiuno. Pateni nyingi zina mistari miwili imechorwa kabisa kwa kazi hiyo, sisi tunaiona kama mapambo.

Jambo la tatu, na hapa najua mtaguna. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha bei rahisi.

Si nimewaambia mtaguna?

Najua. Muda. Mteja anataka kesho. Lakini niwaulize, sare ya harusi imeisha dukani, umekosea, unaenda kuinunua wapi? Ilinitokea kwa kitenge cha sare, yadi zilezile alizopewa kila mwanakamati, nimekata mbele nimekosea tundu la mkono, nikazunguka Kariakoo na kipande mkononi siku mbili kama mtu anatafuta mtoto aliyepotea. Nilipata kinachofanana. Kinachofanana, sio chenyewe. Kwenye foleni ya kuingia ukumbini yeye peke yake maua yake yalikuwa makubwa.

Mi natumia merikani. Wazee mnakijua, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na jina hilo sio bahati, karne ya 19 kilikuwa kinakuja Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, kutoka viwanda vya kule kwao Marekani, kikapanda bara mpaka kikawa kama fedha. Na Salem iko wapi? Massachusetts. Jimbo lilelile la bwana Butterick wa pateni. Nilivyoligundua hilo nilicheka peke yangu, yaani ugonjwa na dawa vimetoka mtaa mmoja. Ukikosa merikani tumia shuka la mtumba, ila angalia lisiwe la kuvutika, kama gauni litakuwa la kitenge basi jaribu kwenye kitu kigumu kama kitenge. Mbele na nyuma tu, mkono mmoja, hakuna bitana wala zipu, mshono wa mkubwamkubwa unaofumuka haraka, nyuma funga na pini. Dakika arobaini. Chora kwa kalamu mstari wa kiuno na wa katikati juu ya hilo shuka, uone inalala au inapanda.

Na mteja akivaa usimsimamishe kama mlingoti. Mkalishe. Mwambie achukue kitu juu ya kabati. Mwambie ajifunge kiatu. Kitenge hakivutiki, ukimpima kifua 40 ukamkatia 40 kamili atasimama vizuri kwenye picha na atalia kwenye daladala. Lazima kuwe na nafasi ya kupumua, mi siendi chini ya inchi 2 kifuani kwa gauni lililokaa mwilini. Kila ulichobana au kulegeza kwenye shuka kirudishe kwenye karatasi, na hiyo karatasi andika jina la mteja na tarehe, itundike. Mi nina waya mmoja umejaa watu. Mteja akipiga simu kasafiri anataka gauni, nashusha mwili wake ukutani nakata. Hajaja hata kupimwa. Ila kama ni zaidi ya mwaka namwambia aje, miili haikai mahali pamoja, na huwa simuulizi kwa nini.

Wale wa suti kule nyuma naona mnasema haya ni ya wanawake. Kaka mwenye koti la kijivu, geuka. Wote mmeona? Mkunjo mmoja umelala chini ya kola, nyuma, kama katabasamu? Mabega yake yamenyooka kuliko ya pateni. Hiyo sio ya pembeni kaka yangu. Tuonane baadae.

Haya, maneno yatosha, hawa wenye ukumbi wameshaanza kuniangalia saa. Nataka mtu mmoja mwenye gauni linalomkera aje hapa mbele. Wewe dada wa bluu, njoo, usiogope, wote humu wagonjwa. Geuka taratibu. Nyoosha mikono juu. Shusha. Sawa. Angalieni pale kwapani, mnaona ile kamba imetoka kifuani inapanda kuelekea tundu la mkono? Kila upande, ee? Na pindo la mbele, liko sawa na la nyuma? Limepanda. Vizuri. Sasa niambieni, tunarekebisha wapi?

Nani kasema pembeni? Nani huyo? Simama nikuone!